Vipande 30, Grupu Lililokufa na Blanketi Fupi la Namanyere

Kila fundi cherehani ana kiroba. Kiko chini ya meza, au nyuma ya mlango, au juu ya kabati mahali ambapo hata yeye mwenyewe hafiki bila stuli. Ndani kuna mabaki: pembe za vitenge, mikono ya gauni iliyokatwa vibaya, urefu wa suruali ya mtu aliyetaka apunguziwe. Fundi hatupi. Ukimuuliza atakwambia "vitakuja kusaidia", na miaka inapita, kiroba kinanenepa tu.

Kuna dada mmoja fundi pale Namanyere ambaye kiroba chake kimoja kilikuwa na kitu tofauti. Ndani yake hakukuwa na mabaki ya kukata. Kulikuwa na viraka vilivyokwisha kushonwa, kila kimoja mraba, rangi zimepangwa, pembetatu zimekutana ncha kwa ncha, vinasubiri tu kuunganishwa viwe shuka la kufunikia kitanda. Thelathini. Na hakuna viwili vilivyokuwa na kipimo kimoja.

Kabla hatujafika mbali, wale wa Dar ambao wakisikia Rukwa akili inakimbilia kwenye radi na ungo: tulieni. Namanyere ni makao makuu ya Wilaya ya Nkasi, ipo kwenye barabara ya kutoka Sumbawanga kwenda Mpanda, na kinachotisha kuliko vyote pale ni baridi ya Juni na Julai. Uko juu kwenye uwanda wa Ufipa, upepo haubishi hodi. Blanketi pale si urembo wa kupiga picha kitandani. Ni suala la kulala au kukesha.

Sasa, hivyo viraka vilitoka wapi?

Vilitoka kwenye oda. Miaka miwili nyuma wanawake watano walijikusanya: huyu fundi, mama mmoja anayeuza maandazi, mke wa mwalimu, binti wa saluni, na mama mtu mzima kidogo ambaye walimpa uhazini kwa sababu alikuwa mpole na simu yake haikuwa na mikopo. Fundi alikuwa ameposti shuka moja la viraka vya vitenge, mteja wa mbali akaliona, akataka manne. Bei wakakubaliana 90,000 kwa moja. Jumla 360,000. Akatuma kianzio cha 150,000 kwenye simu ya mhazini. Grupu la WhatsApp likafunguliwa siku hiyo hiyo, likapewa picha ya cherehani na maua. Si unajua mambo ya mwanzo.

Mpango ulikuwa kila mtu ashone viraka nyumbani kwake, halafu fundi aviunganishe. Kitambaa kikatwe inchi 13 kila upande, ili nusu inchi ikimezwa na mshono huku na nusu huku, kionekane kiraka cha inchi 12. Wote wakajibu "sawa". Dole gumba tano.

Ndipo ujue kwamba "sawa" ya kwenye grupu na "sawa" ya kwenye mkasi ni vitu viwili.

Mke wa mwalimu alitumia rula ya watoto ya sentimita 30, akaamini hiyo ni futi moja. Futi moja ni sentimita 30 na nusu hivi, na hapo nafasi ya mshono hajaiweka kabisa. Vyake vinane vikatoka vidogo kama vya mdoli. Mama wa maandazi alikata kipimo cha boksi la sabuni, kikapotea siku ya pili, akaanza kupimia kiraka kipya juu ya kile kilichotangulia. Kila akichora pembeni chaki inaongeza unene wake, kwa hiyo cha kwanza kilikuwa inchi 12 na kidogo na cha sita kilikuwa kimeshavuka 13. Binti wa saluni alipima vizuri, ila alichagua kitambaa cha kung'aa chenye nailoni nyingi na akakikata mshazari. Kitambaa kilichokatwa mshazari kinavutika kama ubani. Ukikiweka mezani ni mraba, ukikinyanyua ni samaki. Saba vyake hivyo. Na fundi mwenyewe, usicheke, aliamini jicho. Vyake tisa vilikuwa vizuri kwa mbali.

Hesabu inakuja 30. Vya mhazini havimo.

Maana kabla havijakusanywa vyote, mteja alipotea. Kwanza akachelewa kujibu, baadaye zikabaki tiki za bluu, mwisho hata picha yake ya wasifu haikuonekana. Hakudai kianzio chake, hakudai mashuka. Basi mawazo yakahamia kwenye ile 150,000. Tugawane, 30,000 kila mtu, tuendelee na maisha. Mhazini akasema haipo. Mtoto aliumwa, wakapelekwa Sumbawanga, imetumika. Akaandika hivyo hivyo, mistari miwili, usiku.

Elfu thelathini unaweza kuiona ndogo ukiwa na bando la mwezi. Kwa mama wa maandazi ilikuwa mtaji. Yaliyoandikwa kwenye lile grupu usiku ule hayarudiwi hapa. Kuna aliyeuliza mtoto gani. Kuna aliyetaka picha ya risiti. Asubuhi ikaonekana mhazini amelefti. Wiki iliyofuata binti wa saluni naye akalefti, kisha kukawa kimya, na grupu likabaki na picha yake ya cherehani na maua kama bango la duka lililofungwa. Mji ni mdogo. Walikutana sokoni, gengeni, msibani. Salamu zilikuwepo, "shikamoo mama", "marahaba", na hakuna aliyeongeza neno.

Kiroba kikakaa chini ya meza miaka miwili.

Kilichomfanya fundi akifungue si huruma, ni ukata. Machi kule mvua bado zinanyesha, watu wako mashambani, mahindi hayajakomaa, hakuna anayeshona gauni. Sare za shule zilishapita Januari. Cherehani imekaa, mikono imekaa. Akaona bora afanye kitu cha kuuza msimu wa baridi. Akavimwaga viraka vyote juu ya mkeka, akavitazama, akavirudisha. Kesho yake akavimwaga tena.

Njia rahisi ilikuwepo na kila aliyepita kibandani aliitaja: kata vyote vilingane na kile kidogo kuliko vyote. Mkasi, rula, nusu saa, kazi imeisha. Tatizo la njia hiyo utaliona ukishika kiraka cha mama wa maandazi. Kashona pembetatu nane zinazokutana katikati kama jua, ncha zake zinagusa ukingo. Ukikata inchi moja kila upande ncha zote zinaondoka, unabaki na kitu kinachofanana na jua lililoliwa na panya. Fundi akasema hakati cha mtu. Labda ilikuwa heshima, labda ilikuwa woga wa kuulizwa baadaye. Vyote viwili vinaruhusiwa.

Kwa hiyo akafanya kinyume: vidogo akavikuza. Kila kiraka cha mke wa mwalimu akakizungushia fremu ya kitambaa mpaka kikafika kipimo. Vile vya kuvutika vya binti wa saluni akavishonea kitambaa kigumu kwa nyuma kwanza, akavipiga bandi pande zote nne ndipo akavipeleka kwenye cherehani, na pasi ya mkaa akaipitisha juu ya kitambaa kingine, maana nailoni na pasi ya mkaa ni ndoa ya dakika moja. Kile kilichozidi nusu inchi akakilaza ndani ya mshono. Lakini kabla ya yote aliviloweka usiku kucha. Kitenge cha pamba kikifuliwa mara ya kwanza kinarudi, kingine kinachuja rangi, na asubuhi beseni lilikuwa jekundu. Bora beseni kuliko shuka la mteja.

Kilichounganisha yote ni mikanda. Kati ya kiraka na kiraka aliweka mkanda wa bluu iliyokolea, inchi mbili, kutoka kiroba kingine: mabaki ya sketi za sare za shule ya msingi. Kila fundi Tanzania anayo bluu hiyo ya kutosha kufunika uwanja wa mpira. Na hapo ndipo ajabu ilipotokea. Viraka vilivyokuwa vinagombana, maua makubwa ya kitenge kilichovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kongo karibu na madoa ya kitenge kilichoingia kwa upande wa Zambia, karibu na kile cha kung'aa cha saluni, ukiviwekea bluu katikati kila kimoja kinakaa kwenye chumba chake.

Nyuma akaweka marekani. Hii nguo ina historia yake pale. Zamani Wafipa walikuwa wakilima pamba yao, wakiisokota na kuifuma wenyewe, nguo nzito, na wasafiri wa Kizungu waliopita uwandani karne ya 19 wameiandika. Kisha ikaja nguo nyeupe ya bei nafuu kutoka Marekani. Meli za Salem, Massachusetts, ziliishusha Zanzibar, biashara ikawa kubwa kiasi kwamba Marekani ikafungua ubalozi mdogo pale mwaka 1837, na nguo ikabaki na jina la nchi iliyotoka. Ikapanda bara, ikasukuma za kufuma pembeni. Leo fundi wa Ufipa akitaka kitambaa cha nyuma anasema tu "nipe marekani", hawazi meli.

Katikati, kati ya viraka na marekani, akalaza blanketi kuukuu. Badala ya kushona juu kwa cherehani, ambayo ingekwama kwenye unene ule, akafunga fundo la uzi mnene kwenye kila kona ya kiraka, akianzia katikati kwenda nje ili lisijikunje. Bibi zetu wa pwani wana neno la kitu cha namna hii, mfarishi. Vijana siku hizi tunasema blanketi la viraka na tunaelewana.

Wazo la kutoogopa visivyolingana hakulitoa hewani. Usiku alikuwa anapitisha video kwenye simu, akakutana na wale akina mama wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama, Marekani, wajukuu wa watumwa, ambao kwa vizazi walishona mablanketi kutoka kwenye nguo za kazi zilizochakaa. Mwaka 2002 yalitundikwa ukutani kwenye jumba la makumbusho la sanaa Houston, na mwaka 2006 yakachapishwa kwenye stempu za posta za Marekani. Kisa chao kimoja ndicho kilichomgusa fundi. Mwaka 1972 ushirika wa kushona wa eneo lile ulipata kazi ya kutengeneza foronya za kodrai kwa ajili ya kampuni ya Sears. Kazi ya oda, kipimo kimoja, hakuna kujiachia. Yaliyobaki ya ile kodrai wanawake waliyabeba nyumbani, wakashona wanavyotaka, na baadhi ya mablanketi yao yaliyosifiwa sana ni hayo ya mabaki ya oda.

Video iliyofuata ilikuwa ya India, na pale fundi alikaa vizuri kitandani. Wasiddi wa Karnataka ni watu wenye asili ya Afrika, wengi wa mababu zao walivushwa bahari kutoka pwani hii hii ya Afrika Mashariki. Wanawake wao wanashona blanketi la mabaki linaloitwa kawandi, kwa mkono, wakianzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati. Kwenye kona nne wanaweka vipande vilivyokunjwa pembetatu, wanaviita maua, na bila hivyo wanaona blanketi liko uchi. Dada wa watu alitazama mara tatu. Wale mama walikuwa na sura za shangazi zake.

Haya. Mwanzoni mwa Juni blanketi likaisha. Sita kwa upana, safu tano kwa urefu. Piga hesabu: viraka sita vya inchi 12 na mikanda saba ya inchi mbili, upana inchi 86, safi kabisa kwa kitanda cha tano kwa sita. Urefu sasa: viraka vitano na mikanda sita, inchi 72. Yaani futi sita kamili, sawasawa na godoro, hakuna cha kukunja wala cha kuingiza chini. Mtumishi mmoja aliyehamia wilayani, na ambaye baridi ilikuwa imemshika shati, akalijaribu mabegani pale pale kibandani.

"Zuri sana. Lakini dada, hapa inabidi nichague, kichwa au miguu."

Akasema likiongezwa safu moja analipa 180,000. Taslimu.

Jioni ile fundi alilitundika kwenye kamba ya baraza, akapiga picha, akaweka status: "Limebaki safu moja." Basi.

Swali la haki hapa ni: si ashone tu vingine sita? Angeweza. Siku mbili zilimtosha. Lakini yeye na kila aliyekuwemo kwenye lile grupu walijua kwamba mitaa miwili kutoka pale kuna nyumba yenye viraka ambavyo havikuwahi kuletwa.

Wa kwanza kujibu alikuwa mama wa maandazi, dakika nne baadaye: "Jua la njano ni langu hilo." Kisha mke wa mwalimu, na alama ya macho tu. Binti wa saluni alikuja mwenyewe asubuhi, akasimama barazani, akanyoosha kidole akihesabu vyake saba. Ukitaka kujua watu waliosusiana miaka miwili wataongea lini, tundika mali yao kwenye kamba. Kufika Jumamosi walikuwa wanne kwenye benchi moja, na daftari.

Fundi aliweka mambo mezani. Marekani, uzi na lile blanketi la ndani vimekula 42,000. Kazi yake ya kuunganisha, miezi mitatu, aliomba 30,000, na hakuna aliyebisha, ingawa mama wa maandazi alichelewa kutikisa kichwa. Zinabaki 108,000. Ukigawa kwa viraka 30, kila kimoja 3,600.

"Ila hanunui la viraka 30," binti wa saluni akasema. "Anataka 36."

Kwa 36 inakuwa 3,000. Mama wa maandazi alishapiga hesabu kichwani, mtu wa kurudisha chenji siku nzima: vyake sita vingeshuka kutoka 21,600 hadi 18,000. Akasema fundi ashone hivyo sita vipya, waandikiwe wote wanne kwa usawa. Mke wa mwalimu akasema kuna vilivyokwisha kushonwa. Hakutaja ni vya nani. Binti wa saluni akasema na kama vikija, ile 18,000 yake ikatwe kwenye deni. Kimya kikapita. Mtoto wa mwalimu akapita na baiskeli. Mke wa mwalimu akauliza, taratibu kabisa, yule mtoto aliyeumwa yuko darasa la ngapi sasa. Hakuna aliyejua.

Waliondoka bila kuafikiana. Fundi akafungua simu, akaangalia waliotazama status. Jina la mhazini lilikuwepo. Alikuwa ameitazama ya siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, kila mara ndani ya saa ya kwanza.

Jumatatu alasiri akaja mvulana mwenye sare, kaptula ya bluu ile ile, na mfuko mbadala mkononi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Unatoka kwa nani?"

"Kwa mama. Anakusalimia. Kasema ni hivi."

Ndani kulikuwa na viraka saba, vimepigwa pasi, vimekunjwa na gazeti katikati ili rangi zisichujiane. Fundi akavuta futi. Cha kwanza inchi 13. Cha pili 13. Akavipima vyote saba, akarudia viwili ambavyo hakuviamini. Mhazini hakuwa na cherehani. Alivishona kwa mkono, mshono mdogo kama wa mashine, na katika watu watano waliojibu "sawa" yeye peke yake ndiye aliyefuata kipimo.

Mvulana alikuwa bado amesimama.

"Mama kasema tena usivipunguze."

"Mwambie sivipunguzi. Wewe uko darasa la ngapi?"

"La nne."

"Mwambie kesho aje anishikie upande wa pili, limekuwa zito hili. Na aje na sindano yake."

Mvulana akaondoka mbio. Fundi akafungua daftari la Jumamosi, chini ya majina manne akaandika la tano, mbele yake akaweka 6, akafuta, akaweka 7. Kile cha saba hakikuwa na pa kukaa kwenye safu. Akakiweka pembeni kwenye meza. Halafu akalishusha blanketi kwenye kamba, akalilaza kifudifudi juu ya mkeka, akachukua wembe na kuanza kufumua pindo la chini.